Upande wa pili wa mlango wa KIA

Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuna mlango wa kioo wanakotokea wageni wakiburuta mabegi, macho mekundu kwa usingizi wa ndege. Mimi mwongozaji wa watalii nimesimama mbele ya mlango ule kwa zaidi ya miaka kumi, mkononi kibao chenye jina la mtu nisiyemjua. Naujua kuliko mlango wa kanisa letu. Anayetoka wa kwanza, mbiombio, na begi moja mgongoni, huyo ni wa kupanda mlima. Anayetoka wa mwisho, peke yake, uso umekunjamana, huyo begi lake limebaki njiani, na kesho asubuhi nitampeleka soko la Memorial pale Moshi tukamtafutie soksi na koti la mtumba.

Upande wa ndani wa mlango huo sikuujua kabisa. Siku moja tukiwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, tunakula vile viboksi vya mchana kando ya bwawa la viboko, mama mmoja mstaafu aliniuliza: na wewe ukipata likizo unapenda kusafiri kwenda wapi? Sikutaka kukaa kimya, nikasema Namanga. Akatoa daftari akaandika. Siku ya tatu, tunarudi Arusha, akaniuliza kama fukwe za Namanga ni nzuri kuliko za Zanzibar.

Nilicheka, nikamweleza ukweli, kwamba Namanga ni mji wa mpakani na Kenya, bahari hauna, naye akacheka. Usiku lile swali likanirudia. Nilikuwa nimeshazungumza na watu wa mataifa mengi sana, najua nani anapenda chai bila maziwa na nani anataka kuamshwa mapema, lakini nchi zao nilizijua kwa vibandiko vya mabegi tu. Kesho yake nikaosha kopo la Africafé, nikatoboa kifuniko. Kila safari ikiisha, noti moja ya bahashishi inaingia humo. Mama watoto aliita lile kopo "mke mdogo", kwa jinsi nilivyokuwa nikilichungulia.

Hapa nitasimulia nilikofika, na kwa nini ningekushauri uende. Ramani ya vivutio vyote hutaipata kwangu. Watu wa kazi hiyo wapo, nami ni mmoja wao, naijua ile sauti tunayoitumia.

Nilianza na Ethiopia, na sababu yenyewe ni uvivu: ndege yao inatua hapo hapo KIA, na hazipiti saa tatu uko Addis Ababa. Tatizo lilikuwa tarehe. Nilitaka kuiona Krismasi ya Lalibela, na Mchagga tarehe 25 Desemba hana ruhusa ya kuwa mahali pengine isipokuwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kumbe wenzetu wa Kanisa la Othodoksi wanaisherehekea tarehe 7 Januari. Basi ile ya kwanza nikala kwa mzee wangu, kijijini Kilema, nyama na mbege kama kawaida, na ya pili nikaila Lalibela. Ilikuwa Januari 2017. Risiti ya hoteli ya Addis iliandikwa mwaka 2009, kwa sababu kalenda yao ina miezi kumi na mitatu na iko nyuma ya yetu. Nikawa nimepungua umri wa miaka minane kwa saini moja.

Lakini kalenda si kitu mbele ya saa. Kijana wa mapokezi alitutangazia kwa Kiingereza kwamba gari la kwenda uwanjani litakuja saa kumi na mbili. Pale ukumbini tulikuwa mimi na Wajerumani wawili. Kwa Mjerumani hiyo kumi na mbili ni adhuhuri. Mimi nilisimama barazani alfajiri, begi tayari, na gari likaja jua likichomoza. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi: jua likishatoka ndipo saa moja inaingia. Ilibidi nipande tena ngazi kuwagongea wale wenzangu mlango. Miaka yote ya kazi yangu mimi ndiye ninayejumlisha sita na kutoa sita kichwani ili mgeni asichelewe chakula. Siku ile, kwa mara ya kwanza, saa ya dunia ilikuwa ya kwangu, na wenye kukokotoa walikuwa wao. Nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Lalibela iko juu, mita kama 2,500, chini kidogo ya kambi ya Mandara ya Kilimanjaro, kwa hiyo kifua cha mtu wa mlimani hakina shida. Makanisa ni kumi na moja, na yanasemwa kuwa kazi ya Mfalme Lalibela, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13. Neno "kujenga" halifai kwayo. Hawakupanga jiwe juu ya jiwe. Walianza na paa, wakachimba kushuka, wakalitenga jabali pande zote, kisha wakalitoboa ndani mpaka likawa nyumba yenye nguzo na madirisha. Kanisa la Mtakatifu George, Bete Giyorgis, hulioni ukiwa mbali. Unatembea juu ya mwamba mkavu, na ghafla ardhi inakatika mbele ya vidole vyako, na chini yake kuna msalaba mkubwa wa jiwe umelala, ambao ndio paa. Nilikaa chini. Miguu ilikataa.

Asubuhi ya Krismasi tulijazana kuzunguka Bete Maryam, mahujaji maelfu wamejifunika shuka nyeupe, wengine wametembea siku nyingi kufika. Makasisi na mashemasi walijipanga juu kwenye ukingo wa mwamba, wengine chini shimoni, wakaimba kwa kuitikiana huku wakiyumba taratibu kwa pamoja. Bibi mmoja kando yangu aliniona natetemeka kwa baridi, akanirushia pindo la shuka yake begani bila hata kunitazama. Tulisimama hivyo mpaka jua likapanda, watu wawili shuka moja, hatuna neno hata moja la kuelewana.

Siku hizi, kabla ya kwenda kule Amhara, jimbo ilipo Lalibela, uliza kwanza hali ya usalama, maana tangu nilipofika mimi vita vimepita na watu wameumia.

Kahawa sasa. Sisi Kilema tunajivuna kwamba wamisionari waliipanda kwetu mwishoni mwa karne ya 19, na babu zetu wakaifanya mali, mpaka 1933 wakawa na chama chao cha ushirika, KNCU. Nimekua nikichuma kahawa, nikizungusha mashine ya kukoboa, nikianika. Kuinywa, hapana. Kahawa ilikuwa ada ya shule. Wachagga tulilima kahawa tukanywa chai, na ukitaka kuhakikisha uliza nyumba kumi za Marangu. Kule Addis mama mwenye nyumba niliyofikia alitandaza majani mabichi sakafuni, akachoma ubani, akakaanga kahawa mbichi mbele yangu kwenye kikaango kidogo, akakipitisha puani pangu ili nivute moshi wake. Akatwanga, akachemsha kwenye jebena, kile chungu cheusi chenye shingo ndefu, akamimina vikombe vidogo, na bisi pembeni. Nikanywa, nikashukuru, nikainuka. Akanishika mkono. Raundi ni tatu: abol, tona, na ya mwisho baraka. Ukiondoka kabla ya ya tatu umeikimbia baraka. Ilichukua karibu saa mbili. Nikiwa na wageni, saa mbili ni kutoka Arusha mpaka Mto wa Mbu na vipindi viwili vya kupiga picha. Nilirudi nyumbani nikamwomba mama anikaangie kahawa yetu wenyewe. Akauliza kama nimeugua.

Rwanda sikuenda kwa utalii. Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Kabla ya kazi ya wageni niliwahi kuwa dereva wa magari ya kukodi Arusha, 2003 mpaka 2006, wakati ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ikiendesha kesi zake kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano. Mjini tuliiita tu "UN". Kwetu vijana ilikuwa neema: nyumba za Njiro zilipangishwa kwa dola, na dereva mwenye shati safi hakukosa kazi. Mimi nilikuwa nawabeba wakalimani, asubuhi AICC, jioni nyumbani. Mmoja wao, dada wa makamo, alikuwa hasemi. Asubuhi atasalimia vizuri. Jioni anakaa kiti cha nyuma, anatazama nje, tunapita mnara wa saa, tunapita mataa, kimya mpaka getini. Nilidhani ana maringo. Nikawaambia wenzangu kijiweni kwamba huyu mama wa UN anajisikia.

Mwishoni mwa Aprili 2018 nilipanda basi, Singida, Nzega, nikabadilisha gari Kahama, mpaka Rusumo, pale mto Kagera unapoanguka chini ya daraja. Ukishavuka, gari linahamia upande wa kulia wa barabara. Mwili wa dereva haukubali. Kila tulipokutana na lori, mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwepo.

Kigali kila anayerudi huisifu kwa usafi, na ni kweli. Mifuko ya plastiki waliipiga marufuku tangu 2008, abiria wa pikipiki anavaa kofia ngumu naye anaheshimiwa, na vilima vyote vimepangwa kama matuta ya Uru. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, mji mzima unasimama mpaka karibu saa tano asubuhi watu wakifanya kazi za pamoja. Mwenyeji wangu alinipa jembe. Mgeni siku mbili, na mimi ilikuwa ya tatu, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Tulizibua mtaro, tukakaa kikao cha mtaa, tukagawana ndizi. Nyumbani tuna msaragambo, neno tunalo, kazi yenyewe tumewaachia wazee.

Gisozi nilikwenda Jumatatu. Ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, na katika bustani yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Nilivipita vyumba vya maelezo nikisoma kama mwongozaji anavyosoma, nikihifadhi tarehe. 4 Agosti 1993, Mkataba wa Arusha. Jina la mji wangu ukutani. Nikaendelea. Kisha kuna chumba cha watoto. Picha kubwa, na chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, na jinsi alivyouawa. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule dada wa kiti cha nyuma. Mkalimani hasikii tu. Mkalimani anasema kwa mdomo wake, "mimi niliona," "mimi nilifanya," siku nzima, sauti ya shahidi na sauti ya mshtakiwa, na jioni anapanda gari langu. Na mimi nikawa nawaambia watu anaringa.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wamezoea watu wa kukaa kwenye yale mabenchi.

Nani aende Rwanda? Mtu wa Arusha aende. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ni moja, viza hakuna, na kwa basi ni nafuu kuliko wikiendi ya Zanzibar.

Zambia sasa, hii inanichekesha peke yangu. Mwongozaji wa Arusha maneno yake ya kila siku ni msimu. Mgeni akija Aprili kutafuta nyumbu wakivuka Mto Mara, unamweleza kwa upole kwamba angekuja kati ya Julai na Oktoba. Akija Agosti kutafuta ndama wa nyumbu Ndutu, unamwambia Februari. Moyoni unamshangaa: mtu amelipa pesa yote hii bila kuuliza?

Novemba 2018 wageni walikuwa wachache, kopo limejaa, nikashuka Dar nikapanda treni ya TAZARA. Kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, reli iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975. Panda hata kama huna unakokwenda. Inakatiza kwenye hifadhi, nikamwona twiga akiwa dirishani na mimi sina wa kumwonyesha, nikajikuta namwambia mzee wa kiti cha mbele, "Upande wako wa kushoto, mzee." Akanijibu kwamba amekuwa akipita hapo tangu treni ianze, na twiga anawajua. Mbeya watu wanapakia mchele, Tunduma lugha zinachanganyika, na baada ya hapo Kiswahili kinapungua kidogo kidogo kama chumvi kwenye maji.

Kutoka Kapiri ni basi mpaka Lusaka, na jingine mpaka Livingstone. Nilikuwa nimewaambia wote Moshi kwamba mtu wa Moshi anakwenda kutazama moshi. Maana maporomoko ya Victoria jina lake la wenyeji ni Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na hiyo mosi ni moshi wetu huu huu, lugha za kibantu ni ndugu. Upana wa mita 1,708, urefu mita 108. Nilinunua koti la mvua getini, nikalivaa, nikafuata njia mpaka ukingoni.

Mwamba. Mwamba mkavu, mweusi, mita mia kwa mita mia, na mbali kule michirizi kama bomba lililosahauliwa kufungwa. Hakuna moshi wala ngurumo. Mlinzi aliniona na koti langu la mvua kwenye jua lile, akauliza kwa adabu natoka wapi na nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akatazama pembeni kuficha kicheko, kisha akasema mto unajaa Machi mpaka Mei, Aprili ndiyo yenyewe, na Oktoba na Novemba upande wa Zambia unabaki mawe. "Kwenu hamna misimu?" akaniuliza.

Aliniokoa lakini. Aliniambia nivuke daraja, nikaone upande wa Zimbabwe, maji hayakauki mwaka mzima. Nikavuka kwa miguu lile daraja la chuma la 1905, chini yangu korongo la kutisha, na ng'ambo nikayaona maji yakianguka, si ya kalenda za ukutani, lakini ya kunyamazisha mtu. Halafu maji yakiwa machache unaona jambo ambalo mgeni wa Aprili halioni kwa ukungu: jinsi ardhi ilivyopasuka, na mto unavyogeuka ndani ya makorongo kama nyoka. Usiku nilikula nshima na kapenta. Ni ugali na dagaa. Siku hiyo sikutaka kitu kingine.

Tangu hapo mgeni akikosea msimu namhurumia kwa dhati.

Dubai nilipitia, siku mbili. Jengo lao refu lina mita 828 na unapandishwa na lifti. Nimeliona.

Istanbul ningeweza kuisifu kurasa nyingi, lakini wengi wameshaisifu, na mimi nilikaa siku tano tu, Aprili 2022, mwezi wa Ramadhani. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537. Ilikuwa kanisa, ikawa msikiti, ikawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Nilivua viatu nikaingia, shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Usiku wanatundika taa kati ya minara ya misikiti, zinaandika maneno ya Ramadhani hewani. Kilichonikaa mimi, hata hivyo, ni kivuko cha kutoka Eminönü kwenda Kadıköy. Nililipa nauli kama ya kifodi, yaani daladala, na kwa dakika ishirini hivi nimetoka Ulaya nimefika Asia, shakwe wanafuata nyuma wakirushiwa vipande vya mkate. Na nimesema dakika kwa makusudi. Nilikuwa nimesimama gatini, sijui kivuko cha pili kitakuja lini, mzee mmoja wa Kituruki akaniinulia vidole: "Beş dakika." Beş sikuijua, dakika niliijua. Nikamwonyesha saa yangu, nikasema "saa", akasema "saat". Nikasema "sabuni", akasema "sabun". "Dunia", "dünya". "Kitabu", "kitap". Sote tumekopa kwa Mwarabu mmoja, na kivuko kiliposogea tulikuwa tumefika kwenye "habari" na tunacheka kama watoto waliookota hela.

Oman nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonirudisha nyumbani kwa mzee.

Nilikwenda Novemba 2019, kupitia Dar. Miezi ile joto lao linavumilika, usiende Juni. Muscat ni mji wa majengo meupe, mafupi, na milima mikavu nyuma yake. Jioni barabarani wanachoma mishkaki, na jina lake ni mishkaki, hakuna kutafsiri. Mtu wa Tanzania akitembea Muscat masikio yake yanasimama kila mara, kwa sababu Kiswahili kinapita: kwenye teksi, kwenye duka la vitambaa pale Muttrah. Ni watu ambao wazazi au wenyewe waliishi Unguja, Pemba au bara, wakahamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani warudi. Wamekitunza Kiswahili cha zamani. Wanasema polepole, hawamezi silabi kama sisi wa Arusha.

Ijumaa asubuhi nikawa Nizwa, kwenye mnada wa mbuzi. Wenye mbuzi wanazunguka nao kwenye duara, wanunuzi wamekaa wanawapapasa wanapopita, bei inapigwa kelele. Mtu aliyewahi kufika mnada wa Weruweru hahitaji mkalimani. Ngome ya Nizwa ipo hapo karibu, ya karne ya 17, na juu ya milango yake kuna matundu walikomiminia adui asali ya tende inayochemka. Fikiria kufa kwa kitu kitamu.

Mchana nilifuata mkondo wa maji unaoitwa Falaj Daris. Falaj ni mfereji wa kuchimbwa na mikono, unaotoa maji chini ya milima na kuyaleta mpaka mashambani kwa mteremko peke yake, bila mashine. Yako maelfu nchini, na matano, Daris likiwemo, yamo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006. Maji ni safi, unaona kokoto, na kando yake mitende. Nikampigia mama watoto simu nimwelezee. Nikasema, "Hapa kuna maji yanapita kama mfongo wetu wa Kilema, ila pembeni wamesakafia."

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Mfongo ndio kitu gani?"

Mzee, kanzu nyeupe, kofia ya nakshi, bakora mkononi. Nikakata simu bila kuaga. "Shikamoo mzee."

Akanyamaza. Kisha akasema "Marahaba," akairudia, "marahaba, mwanangu," na macho yake yakawa na maji. Alisema wajukuu wake wanamwamkia kwa Kiarabu, na ni siku nyingi hajapata kuamkiwa na mtu asiyemjua. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja. Aliponiuliza natoka wapi nikasema Moshi, akapiga bakora chini: "Ala! Mangi!" Akaniketisha, akatoa chupa ya kahawa yenye iliki, na halua. Nilikunywa vikombe vitatu, nilishafunzwa.

Nikamweleza mfongo. Kwamba mababu zetu walichimba mifereji kutoka kwenye vijito vya msituni, wakaipitisha kwenye kuta za mabonde mpaka migombani, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake, na mzee wa mfongo ndiye aliyesema nani afungue na nani afunge. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akanionyesha yao. Maji yanapotokeza kwanza ni ya kunywa, hapo huruhusiwi kufua wala kunawa. Kisha yanapita msikitini, watu watawadhe. Ndipo yanakwenda mashambani, mtende kwa mtende, kila mwenye fungu kwa muda wake. Na muda huo zamani waliupima mchana kwa kijiti na kivuli chake, usiku kwa nyota. Mtu anatazama nyota fulani imeshapita kilele cha mlima, anajua zamu ya jirani imeanza. "Sasa wanatazama saa za mkononi," akasema, "na ugomvi umezidi."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniagiza salamu kwa mlima.

Nilifika KIA usiku, nikatoka kwa ule mlango wa kioo. Madereva wenzangu walikuwa wamejipanga na vibao. Mmoja aligeuza chake upesi, akaandika nyuma yake kwa kalamu "MANGI WA NAMANGA", akanipokea begi.

Jumapili nikapanda Kilema. Mzee alikuwa nje amekaa kwenye kigoda, redio pembeni. Hajawahi kuuliza habari za safari zangu. Kwake ni matumizi mabaya ya pesa ya mahindi. Nikampa tende, nikaanza kumsimulia falaj. Alipunguza redio. Nilipofika kwenye kijiti na kivuli akaizima.

"Na usiku?" akauliza.

Nikamwambia nyota.

Akainuka, akachukua fimbo, tukashuka migombani mpaka kwenye ule mtaro ambao mimi nimeujua siku zote kama mahali pa kutupa maganda. Mfongo wetu umekauka tangu nikiwa mtoto, tukaletewa bomba. Akachora kwa fimbo ulikotokea, ulikopinda, na mahali palipokuwa na lango la magogo na udongo. "Zamu yetu ilikuwa Jumanne usiku," alisema. "Jogoo wa kwanza mpaka wa pili. Sisi hatukutazama nyota, kuna ukungu." Kisha akaelekeza fimbo kwenye ua wa jirani, akashusha sauti kama vile mwenyewe anasikia, na akaanza kunieleza ni Jumanne ipi maji yetu yaliibwa, na aliyeyaiba alikuwa mtoto wa nani.